Kanga moja, kazi tatu: nilivyoumaliza muhula wa usanifu wa dijitali

Muhula ule tulipewa kazi tatu za somo la midia na usanifu wa dijitali: mchoro wa kitambaa unaojirudia, filamu fupi ya picha zinazosogezwa moja moja, na ukurasa wa wavuti wa kuonyesha kazi zetu. Wenzangu wengi walichagua mada tatu tofauti. Mimi nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na bando la kuungaunga, nikajua nikizigawa nguvu zangu mara tatu kila kazi itatoka nusunusu. Nikaamua zote zitoke kwenye kanga moja.

Kanga naijua. Mama mdogo anauza kanga na vitenge Kariakoo, jirani na Mtaa wa Uhuru, na likizo zangu nyingi zimeishia dukani kwake nikikunja doti. Halafu kanga ina sheria zake: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yake, kwenye kisanduku sehemu ya chini. Ukiambiwa ubuni chochote unaweza kukodolea kioo cha kompyuta mpaka jioni. Ukiambiwa pindo, mji na jina, tayari una pa kuanzia.

Nilianza na jina. La kwanza kumpelekea mama mdogo lilikuwa ELIMU NI UFUNGUO WA MAISHA. Alilisoma akarudisha karatasi. "Hili la ubao wa shule, mwanangu. Kanga inamsema mtu. Nani atanunua kanga isiyomsema mtu?" Tukakaa tukiyataja majina yanayotoka haraka dukani, na mengi ni vijembe kweli, ya mapenzi yanafuatia. Nikafikiria kivuko cha Magogoni, jinsi mtu anavyokupita mbio barabarani, halafu mnakutana mmesimama pamoja kusubiri pantoni ya Kigamboni. Likatoka hili: UMENIPITA MBIO TUTAKUTANA KIVUKONI. Mama mdogo alicheka, akasema huyo anamjua na anakaa wapi anapajua. Hapo nikajua tumepata.

Jina lilivuta mengine yote. Pindo likawa mawimbi, kona nne nikaziwekea nanga, mji ukawa pantoni imejaa watu, baiskeli na ndoo za samaki.

Pindo ndilo lililotaka akili. Vipimo vya kawaida vya kanga ni kama sentimita 150 kwa 110. Ukichora wimbi la urefu wowote na kulirudia, ukifika kona linakatika katikati, na macho ya mnunuzi huona hilo kabla hata hajasoma jina. Kwa hiyo nilichukua daftari kabla ya kuwasha kompyuta. Pindo la upana wa sentimita 15 linaacha 120 kwa upande mrefu na 80 kwa upande mfupi. Wimbi la sentimita 20 linaingia mara sita huku na mara nne kule, bila kubaki kitu. Kona zenyewe zinakuwa miraba ya 15 kwa 15, na nanga inakaa humo kwa raha.

Programu ya kuchorea niliyotumia ni Inkscape, ambayo ni ya bure na haikuielemea laptopu yangu. Zile za kulipia kila mwezi sikuziwazia. Inkscape ina kitu wanachokiita kloni, yaani nakala zinazomfuata mama yao. Nilichora wimbi moja tu kwa mkono, mengine 19 yakawa kloni. Nikiongeza povu juu ya wimbi la kwanza, mawimbi yote yanapata povu. Nikilinenepesha, yote yananenepa. Kazi ambayo ningeikesha kwa kunakili na kubandika ilibaki kuwa ya kuamua tu wimbi liweje.

Kwenye rangi nilijibana makusudi: nyeusi, buluu na njano. Nyeupe sikuihesabu, maana nyeupe ni kitambaa chenyewe. Kila rangi nikaipa leya yake, yaani tabaka lake ndani ya faili, kama vile kila moja ingechapwa peke yake, na nyeusi nikaiacha ipande juu ya zenzake kiasi cha milimita moja. Ukiziweka rangi mbili zigusane ukingo kwa ukingo, kitambaa kikiteleza kidogo tu wakati wa kuchapwa unapata mstari mweupe katikati. Nyeusi ikipanda, kosa linafichika.

Mahali pa jina niliamuliwa na mwili wa mama mdogo mwenyewe. Alijifunga kanga kuukuu, nikachapa jina la kanga yangu kwenye vipande vya karatasi nikavibana kwa pini kwenye kitambaa, akatembea dukani huku na huku. Kisanduku kilikuwa chini mno, mkunjo wa magoti ukawa unalimeza neno KIVUKONI. Nikapandisha. Kwenye kioo cha kompyuta hilo huwezi kuliona hata ukae siku nzima, maana pale kanga imetandazwa, na hakuna anayeivaa imetandazwa.

Jambo dogo jingine nililojifunzia dukani ni alama ya mwenye kazi. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, kampuni iliyoanza 1887, wateja huzitambua kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa ukingoni. Mwalimu alitaka kila kazi iwe na nembo ya mwanafunzi. Wengi waliigandisha pembeni kubwa kuliko mchoro. Yangu niliipeleka ukingoni, ndogo, mahali ambapo macho ya mnunuzi wa kanga yamezoea kuitafuta.

Kisha stesheneri, kuchapa. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga, printa inatengeneza kwa wino, na buluu kali ya kioo ikifika kwenye karatasi mara nyingi inaelekea zambarau. Sikutaka kubahatisha. Nilitengeneza ukurasa mmoja wa A4 wenye vimraba vya buluu nyingi na njano nyingi, kila kimoja kikiwa na namba yake chini, nikauchapa kwenye printa ileile itakayochapa kazi. Nikachagua rangi kwa kuangalia karatasi, namba yake nikaiingiza kwenye faili. Kanga yenyewe niliichapa kwa robo ya ukubwa, yaani sentimita 37.5 kwa 27.5, ikaingia kwenye A3 vizuri. Herufi za jina nilizigeuza kuwa maumbo kabla ya kutoa PDF, kwa sababu kompyuta ya pale haikuwa na fonti yangu, yaani mtindo wa herufi niliouchagua, na ingeniwekea yake. Na kama huna fleshi, faili litume WhatsApp kama hati. Ukilituma kama picha linabanwa, linafika limefifia.

Filamu sitaieleza sana. Pantoni ya kadibodi ilivuka kanga halisi ya buluu niliyoazima dukani. Picha 12 kwa sekunde, sekunde 20, jumla picha 240, simu ikiwa imefungwa kwenye stuli mbili na rula ya mbao. Nilipiga usiku kwa taa moja ya balbu na kuufunga mwangaza wa kamera usijibadilishe wenyewe, kwa sababu mchana wingu likipita dirishani filamu nzima inapepesa. Honi ya pantoni niliirekodi Magogoni, nimeivisha simu soksi ili upepo usiingie. Watu waliniangalia vibaya kidogo, lakini sauti ilitoka safi.

Ukurasa wa wavuti ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na sababu ni ileile kanga. Wenzangu walikuwa wakipandisha picha za megabaiti kadhaa ambazo kwenye simu ya bei ndogo zinafunguka kwa kusuasua. Mchoro wangu ulikuwa SVG, yaani maelekezo ya mistari na rangi badala ya nukta za picha, na wimbi limeelezwa mara moja tu kisha kurudiwa. Faili likawa dogo, na ukiukuza kwa vidole hadi kwenye ndoo za samaki halipotezi ukali. Picha za filamu ndizo nilizozipunguza hadi upana wa pikseli 1200 na kuzigeuza WebP, aina ya faili la picha lisilo zito, nikazijaribu kwenye simu ya mama mdogo yenye kioo kilichopasuka.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu aliuliza kwanza kuhusu kona: mawimbi yamekutanaje na nanga bila kukatika? Badala ya kueleza nilifungua faili, nikalivuta wimbi la kwanza juu kidogo, na mawimbi yote yakainuka pamoja mbele ya darasa. Swali la pili lilitoka kwa dada aliyekaa nyuma yangu. Alitaka kujua hiyo doti inauzwa bei gani.