Mazoezi ya nguvu kwa mkimbiaji wa marathoni: anzia kwenye vigimbi

Mkimbiaji wa masafa marefu hahitaji orodha ndefu ya mazoezi ya nguvu. Manne yanatosha, mara mbili kwa wiki, na la kwanza liwe la vigimbi. Ndani ya kigimbi, chini ya msuli unaoonekana, kuna mwingine mpana unaobeba mzigo mara kadhaa ya uzito wa mwili kila unapokanyaga. Msuli huo ukiwa dhaifu, kano ya kisigino ndiyo huumia.

Simama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, ushikilie ukuta. Inua kisigino kwa sekunde 2, kishushe kwa sekunde 3. Seti moja goti limenyooka, ya pili limekunjwa kidogo. Hiyo ya goti lililokunjwa wengi huiacha, nayo ndiyo inayoupa kazi msuli wa ndani. Ukimudu mara 20 kila mguu bila kuyumba, vaa begi lenye kilo 5. Mwenye maumivu pale kano inaposhikana na kisigino afanyie sakafuni. Kushusha kisigino chini ya ngazi huibana zaidi.

Mengine: kupanda stuli isiyozidi urefu wa goti, kuinamia nyongani mgongo ukiwa umenyooka huku umeshika dumu la maji (lita 10 ni kilo 10), na kujiegemeza ubavu kwa kiwiko sekunde 30. Wiki 2 za mwanzo tumia uzito wa mwili tu. Baadaye, kwa stuli na dumu, ongeza uzito ufanye seti 3 za mara 6 hadi 8, ukipumzika dakika 2 au 3, na uache ukiwa bado unaweza mara 2 zaidi. Kujikamua hadi mguu utetemeke hakuna faida kwa mkimbiaji. Kunaharibu mbio za kesho tu.

Siku nayo ina uzito wake. Misuli huuma zaidi siku ya pili, kwa hiyo usifanye mkesha wa mbio za kasi. Fanya jioni ya siku uliyokimbia kasi asubuhi, ili siku nyepesi ibaki nyepesi kweli. Mazoezi ya kurukaruka yasubiri miezi 2.

Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa wa muundi, yanayozidi ukiruka kwa mguu huo, si uchovu: acha kukimbia, umwone daktari. Na kabla ya shindano, zoezi zito la mwisho liwe siku 10 nyuma.