Nyigu Ndani ya Kinanda

Jumamosi moja ya kiangazi mwalimu wetu wa kwaya alitaka watoto wenye vidole vyembamba. Tukaenda kanisani mimi na binamu yangu. Tulimkuta amekifumua kinanda chote juu ya mkeka, skrubu kaziweka kwenye sahani ya bati.

Kijiji chetu kiko upande wa Mvumi, Dodoma. Wazee walipoeleza habari za kanisa walianzia mbali: wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, waliofungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, kisha Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927, Askofu George Chambers na Waaustralia wake. Kinanda kilitajwa mwisho, na hapo ndipo sauti zilipopanda, utadhani mengine yote yalitokea ili kifike.

Hakikuwa cha mabomba. "Vya mabomba viko kwao Ulaya," mwalimu alisema. "Bomba la sauti nzito linafika futi 16. Hapa lingetoboa bati." Chetu kilikuwa cha kukanyaga. Miguu inaendesha mivukuto, upepo unapita kwenye ndimi za shaba na kuzitikisa. Ulimi mrefu sauti nzito, mfupi sauti nyembamba. Ukavu wa Dodoma ulikuwa umepasua mbao, na panya walikula mivukuto. Mwalimu akaziba matundu kwa ngozi laini ya mbuzi na gundi, sisi tukafuta ndimi. Ulimi mmoja, bubu tangu nipate akili, ulikuwa umejaa udongo wa nyigu. Niliukwangua kwa mwiba, polepole, maana mwalimu alinisimamia kichwani.

Kesho yake ibadani kinanda kiliunguruma hadi watoto wachanga wakalia. Nyimbo za kizungu zilikwenda vizuri. Ikaja zaburi tuliyoiimba kwa lahani ya Kigogo, na ule ulimi niliousafisha ukaanza kugombana na bibi zetu. Wao hawakusogea hata kidogo. Mwalimu akakanyaga kwa nguvu zaidi, nao wakapaza.

Ukubwani ndipo nilipopata maelezo. Uimbaji wa Wagogo, kama ilimba yetu, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya mlio mmoja, ukizihesabu kutoka chini, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba haimo kwenye kinanda. Iko kati ya kitufe kimoja na jirani yake. Bibi zetu walikuwa sahihi, na kinanda pia kilikuwa sahihi kwa kwao. Miaka yote ile nyigu ndiye aliyekuwa amewapatanisha.

Mwalimu hakusoma hayo popote, ila masikio alikuwa nayo. Jumapili iliyofuata, zaburi ilipoanza, kidole chake kilikiruka kile kitufe kila kilipofikiwa, na bibi zetu wakaijaza nafasi ile peke yao.

Baada ya ibada mke wa mwinjilisti akamfuata mlangoni. "Mwalimu, kitufe kimeharibika tena?"

"Kimeharibika, mama," akajibu, na kwenda zake kunywa chai.