Paipu Mbili Ndani ya Shokapu

Juzi kijana wa jirani alifungua shokapu za mbele za pikipiki yake pale uani, akamwaga oili kuukuu kwenye karai. Mke wangu akatoka jikoni ameziba pua, akauliza nani anapaka jahazi sifa saa hizi. Harufu ndiyo hiyo hiyo ya mafuta ya papa, hajakosea. Mimi nikabaki nimesimama tu, akili iko Kongowea, Mombasa, kwa fundi wangu Ami, enzi za ile pikipiki yangu nyekundu.

Wakati ule nilikuwa napeleka gesi. Mtungi wa kilo 13 ubavu huu, mwingine ubavu ule, na wa tatu juu ya tangi, katikati ya mapaja. Hizo kilo 13 ni gesi peke yake. Chuma nacho kina uzito wake, karibu sawa na huo. Nikishika breki kabla ya tuta, mzigo wote unakuja mbele, shokapu zinazama mpaka mwisho, nga! Chuma kwa chuma. Kishindo kinapanda kwenye hendeli, kinaniishia viwikoni, na ule mtungi wa mapajani unaruka kidogo, kiasi cha mtu kukumbuka shahada. Njia ya Mlaleo kwenda Mwandoni niliijua kwa vishindo vyake, hata usiku stima zikiwa zimepotea.

Fundi wa kwanza alizibonyeza mara moja tu, akaniambia ninunue jozi nzima. Bei aliyotaja ilikuwa kodi ya nyumba na mchele juu. Nikamshukuru, nikavuka barabara.

Ami hakubonyeza kitu. Alichukua mpira wa kufungia noti, akauvisha kwenye kile chuma cheupe kinachong'aa, chini kabisa, umegusana na sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, akanituma nizunguke soko na mizigo yangu. Niliporudi mpira ulikuwa umesukumwa juu hadi hapana tena pa kwenda. Akaushusha, akaniambia nipande nikae tu, nisiende popote, kisha nishuke taratibu. Mpira ulikuwa umepanda karibu nusu ya njia.

"Unaona mwanangu? Tuta hujalifikia bado, na nusu umeshaila."

Springi zilikuwa zimechoka. Oili nayo ilikuwa imepungua, kwa sababu sili zilikuwa zikivuja, na sili zilivuja kwa sababu hewa yetu hii ya chumvi ilikuwa imetoboa vidoadoa kwenye kile chuma. Vidoa vile akavisugua kwa msasa laini uliolowa oili, sili mpya akanituma duka la pili. Hayo yalikwisha upesi.

Kilichokula muda ni oili. Nimeshaona mafundi wakimimina 20W-50 ya injini kwa kukisia, hadi mkono uchoke, halafu wanakwambia shokapu imekuwa ngumu kama mpya. Ami alitumia ile oili nyekundu ya giaboksi za gari za otomatiki, akaitia oili ya injini kidogo iwe nzito kiasi. Springi zikiwa nje na shokapu imekandamizwa hadi chini, akamimina, akaipandisha na kuishusha polepole mpaka mapovu yakakoma. Kisha akachovya spoki ya baiskeli iliyokwaruzwa alama kwa msumeno. Akaitoa, akaielekeza kwenye mwanga. Oili ilikuwa imepita alama kwa unene wa ukucha. Akachukua bomba la sindano lenye mpira wa dripu, akavuta matone, akachovya tena. Upande wa pili vilevile. Tone moja huku, tone moja kule, tena akarudi upande wa kwanza kuhakikisha.

"Si ungeacha tu, Ami? Ikizidi si ndiyo nzuri?"

Akanieleza bila kuinua macho. Juu ya oili kuna hewa imefungiwa, na hewa hiyo nayo ni springi. Shokapu ikizama, hewa inabanwa. Nafasi ikiwa ndogo, inasukuma kwa nguvu zaidi mwishoni, pale pale chuma kinapotaka kugonga. Lakini ukiijaza mno, hewa inakosa pa kujikunja, na sili ndizo zinazolipa. Hapo adhana ya alasiri ikalia. Akanikabidhi spoki, "Usiiweke chini, itashika mchanga," akaenda zake msikitini. Nikasimama na ile spoki kama niliyepewa amana, wateja wa gesi wananipigia simu, sipokei, mkono mmoja umejaa oili na mwingine naogopa kuutumia.

Aliporudi akakata vipande viwili vya paipu nene ya maji, kila kimoja inchi moja, akavilainisha kingo. Springi ikarudi ndani, na paipu juu yake kuibana: washa, kile kipete bapa cha chuma, chini, paipu, washa juu, ili springi isiitafune plastiki. Kisha kizibo cha juu. Springi ikiwa imebanwa hivyo, kizibo hakikubali kushika nyuzi. Ilibidi mimi nikilalie kwa kifua na yeye azungushe spana, uso wake kando. Kikiponyoka, alisema, kitakutafuta jicho. Kilishika.

Jioni ile nilipita tuta zote za Mlaleo na mitungi yote. Mpira ulisimama kidole kimoja kabla ya mwisho. Hakuna nga.

Ila sasa kila kijishimo kidogo nikakihisi. Vifundo vya mikono viliniuma usiku, nikijiuliza kama ni paipu imezidi au ni oili. Yote mawili yalifanywa siku moja, nani ajue lipi limeponya na lipi limeleta maumivu? Ami alishikilia ni oili iliyofanya kazi, paipu ni nyongeza. Mimi niliamini paipu. Tulibishana hivyo kila nikipita, na yeye kila mara akisema niilete afupishe nusu inchi tuone. Sikuipeleka, gesi hazikuniachia nafasi.

Aliyeinunua ile pikipiki nyekundu alikuja na kaka yake. Kaka akasimama mbele, akashika breki, akazibonyeza shokapu kwa uzito wake wote, akatabasamu.

"Hizi umeweka mpya?"

"Sili ni mpya," nikamwambia. "Hebu panda kwanza, uende mpaka Mwandoni."