Sukari naipunguza mdogomdogo

Jamani kuacha sukari ghafla sikushauri, labda uwe na roho ngumu. Mi nimeanza na chai, maana hapa Mtwara chai ni asubuhi, jioni na mgeni akija, na kila kikombe vijiko vitatu vya kujaza, sasa piga hesabu, WHO tangu 2015 wanasema ukiweza usizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai, na hapo soda hujagusa, chupa moja ya mililita 350 peke yake inavuka hapo.

Ninachofanya, natoa nusu kijiko, nakaa hapo mpaka ulimi uzoee ndo nashuka tena. Mchaichai na iliki zinasaidia sana, chai ikinukia hata sukari huikumbuki. Jioni biskuti nimebadilisha na korosho za kukaanga (bei nayo mh, na korosho zinalimwa hapahapa!). Msimu wa mabibo nakula tunda lenyewe, sio juisi, maana ukishalikamua sukari yake inahesabiwa sawa na ya kuongeza, na asali hivohivo, najua wapenda asali mtanuna.

Kazi ipo kwa mama mkwe Mikindani. Nikimwambia "mama, sukari kidogo tu" anaona kama nasema nyumba imekosa kitu, anaongeza na kijiko kingine juu. Siku hizi naomba kahawa chungu, hapo hakuna anayeuliza, ila kashata inakuja pembeni na hiyo bado sijaiweza.