Maandishi ya ukurasa wa mbele kutoka na kivuli, nilivyotatua

Kama gazeti lenu herufi ndogo za ukurasa wa mbele zinatoka na kivuli chekundu au bluu msikimbilie kumlaumu fundi wa mashine. Letu lilikuwa hivyo, maelezo chini ya picha hayasomeki, na mtu akishindwa kusoma jina la aliyepo pichani hapo ni habari imeharibika kabisa.

Nikafungua faili kwenye InDesign, programu ya kupangia kurasa, nikawasha ile paneli inayoonyesha kila rangi peke yake, nikazima nyeusi. Maandishi yakabaki palepale, maana yake yalikuwa na rangi nyingine pia! Kumbe template ya zamani (ukurasa wa mfano tunaoanzia kila toleo) ilikuwa inatumia ile nyeusi ya alama za kupangia pleti (mabamba ya kuchapia, kila rangi na lake), yaani wino zote nne asilimia 100 kila moja, jumla 400, wakati karatasi ya gazeti kikomo chake cha jumla ya wino ni kama 240 hivi. Pleti ikisogea kidogo tu, na kwenye mashine ya kasi lazima isogee, herufi inatoa kivuli.

Nikabadilisha maandishi yote yakawa nyeusi tupu asilimia 100, nikaweka overprint, yaani nyeusi ichapwe juu ya rangi bila kuikata chini yake, ili isiache mwanya mweupe juu ya rangi, nikasevu template upya. Toleo lililofuata likatoka safi.

Halafu kitu kingine, kabla ya kutuma kiwandani tunaprinti ukurasa mzima kwenye A3 anasoma mtu ambaye hakuuandaa, maana kwenye skrini huoni kwamba picha ya waziri imekaa chini ya kichwa cha habari ya wizi isiyomhusu.