Hita ya sola ikivuja juu ya paa

Wenzangu wa Nakuru wenye hita za sola za mirija ya vioo: kabla ya kumwita fundi, angalieni maji yanatokea wapi. Yakimwagika kidogo kwenye bomba la kupumulia jua likiwa kali, hiyo ni kawaida. Maji ya moto hutanuka. Yakitiririka pale mrija unapoingia kwenye tangi, mpira wa silikoni umechoka. Yakichuruzika chini ya ganda la tangi ilhali mipira yote haina unyevu, tangi la ndani limetoboka. Hapo fundi wa kuchomelea atakula hela zenu bure.

Mpira ni kazi ndogo. Funga koki ya maji baridi jioni, asubuhi na mapema toa maji tangini. Zungusha mrija huku ukiusukuma juu mpaka kitako kitoke kwenye kikombe chake, kisha uvute chini taratibu. Mrija wa milimita 58 wenye urefu wa mita 1.8 hubaki na karibu lita 3 za maji, kwa hiyo ni mzito, tena unateleza. Futa chokaa kwenye tundu, weka mpira mpya wa saizi ileile, paka maji ya sabuni, urudishe mrija ukizungusha. Grisi hapana, huharibu mpira.

Fungulia maji kabla jua halijapasha vioo. Maji baridi yakigusa mrija mkavu uliopata moto, unapasuka papo hapo. Umechelewa? Funika mirija kwa blanketi, ungoje jioni.