Mafuta ya mjane na deni la Banki Lambert

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii hapa Goma maombi mengi yamefanana: "Mungu fungua mlango, mdai anakuja mwisho wa mwezi." Tangu mabenki yalipofungwa Januari 2025, wengi wamekimbilia Banki Lambert, mkopo wa mtu kwa mtu, usio na karatasi nyingi lakini wenye meno. Basi tusome 2 Wafalme 4:1-7 polepole.

Mume wa yule mjane alikuwa wa wana wa manabii, alimcha Bwana, na bado alikufa akidaiwa. Tuache kumnong'ona aliyekopa kana kwamba ana dhambi iliyofichika. Nabii Elisha alimwuliza mambo mawili tu: nikufanyie nini, na nyumbani una nini? Chupa ya mafuta. Mungu akaanzia hapo.

Vyombo vitupu vikaazimwa kwa majirani wote, "wala usitake vichache". Mlango ukafungwa, watoto wakaleta, mama akamimina. Jirani aliyetoa bidoni lake tupu, kwa lugha yetu, hakuchangia hata tone, lakini vyombo vilipoisha ndipo mafuta yakakoma.

Neno linalotubana liko mstari wa 7: uza, lipa deni, kisha mle kinachobaki. Hapo ndipo tunateleza. Pesa ikiingia kwenye simu, tunatoa riba tu ili mdai anyamaze. Piga hesabu. Umekopa dola 100, riba 30 kwa kila mia kwa mwezi. Usipolipa kitu, mwezi wa pili riba inapanda juu ya 130, unadaiwa 169. Mwezi wa tatu, karibu 220. Na ukilipa 30 kila mwezi kwa miezi minne, umeshatoa 120, na ile 100 bado imekaa pale pale.

Kwa hiyo chukua kaye (daftari), andika kila deni: mtaji, yaani pesa uliyokopa, peke yake, riba peke yake, na tarehe. Nenda kwa mdai kabla ya tarehe, maana akikutafuta yeye, umeshapoteza nguvu ya kusema. Mwombe asimamishe riba, nawe ulipe mtaji kidogo kidogo, mbele ya shahidi, na kila malipo yatiwe sahihi pande zote mbili. Usikope kwa Lambert wa pili ili umlipe wa kwanza. Zamu yako ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ikifika, ipunguze mtaji kabla haijanunua kitenge. Wala pesa ya mdai usiifanye "mbegu" ya madhabahuni kwa sababu mhubiri amekuahidi muujiza. Elisha hakumwomba yule mama hata kijiko cha mafuta yale.

Sasa ninyi mnaokopesha, kwa maana wengine mnakaa viti vya mbele. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini wa watu wa Mungu. Mistari inayofuata inasema hata vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijazama, kwa sababu ndilo analojifunika usiku. Ninyi mnashika simu ya mwenzenu mwezi mzima, na simu hiyo ndiyo anayopokelea pesa ya kuwalipa! Mnamzuia kulipa, halafu mnamtoza kwa kuchelewa. Mtoto wake akifukuzwa shule mnamwambia "tutakuombea". Mungu alikwisha kumjibu maombi hayo. Jibu limelala kwenye mkoba wenu.

Nehemia aliwakemea wakubwa wa Yuda kwa sehemu moja ya mia. Sisi tunatoza thelathini. Naye alijihesabu ndani yake: yeye na ndugu zake walikuwa wamekopesha pia, akasema tuiache riba hii (Nehemia 5:10). Akawataka warudishe mashamba, mizabibu na nyumba siku ile ile. Alipoanza kuwakemea walinyamaza, hawakupata neno la kujibu. Kisha wakasema watarudisha, na hawatadai kitu.